Anwani ya Dada Yangu

Kambini, Mirpur
9 Januari

Mpwa wangu Taukir,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, ila kifua cha mama yako kinamsumbua tangu ukungu uanze. Natumai kampeni haijakunyima usingizi.

Uliniomba niandike historia yako ya kuweka kwenye mabango ya kampeni. Niliandika kwamba ulizaliwa humu kambini, chumba cha pili kutoka bombani, na kwamba mama yako alikulea kwa kutarizi sari za watu. Leo nimeiona ukutani. Inasema umetoka katika “familia ya heshima ya Mirpur.” Kambi haimo. Mama yako hajui kusoma Kibangla, akaniuliza imeandikwa nini. Nikamwambia imeandikwa una mama mwema.

Watu wa hapa watakupigia kura hata hivyo. Sisi wasema Kiurdu tuliokwama hapa tangu vita vya uhuru wa Wabangla hatujawahi kuwa na diwani wetu.

Mjomba wako,
Ehtesham

Mirpur
20 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Kifua cha mama kinaendeleaje?

Nimeshinda, na najua ni kwa kura za kambi. Lakini nielewe. Barazani wananiuliza kwa kicheko, “Mheshimiwa, kumbe wewe ni wa kule?” Nikisema ndiyo, hakuna ombi langu litakalosikilizwa. Nikinyamaza, nitawaletea mtaro na taa.

Mama nimemwandalia chumba kwangu. Gari litamngoja jioni kule kituo cha mafuta, nyuma.

Mpwa wako,
Taukir

Kambini
3 Agosti

Mpwa wangu,

Assalaam alaykum. Mimi sijambo. Mama yako hajambo kwa kusema tu.

Mtaro umefika na taa zinawaka, ahadi umetimiza. Ila lile gari lilirudi tupu, na maneno ya mama yako ni haya: “Mwambie diwani mimi si bidhaa ya magendo. Akinitaka aje mchana, apite mlango wa mbele, anywe chai hapa kibarazani watu wakimwona.”

Tangu siku hiyo kila asubuhi anasuuza vikombe viwili. Sasa anakohoa damu. Njoo, Taukir.

Mjomba wako,
Ehtesham

Kambini
16 Novemba

Mheshimiwa Diwani,

Assalaam alaykum. Afya yangu si neno la leo.

Dada yangu tulimzika Ijumaa. Karani wako alisema uko kikaoni. Makaburi ya jiji hayapokei maiti bila barua ya diwani inayothibitisha marehemu alikuwa akiishi wapi, na barua yako, sikusingizii, ilikuja upesi. Inasema Anjum Ara aliishi ghorofa ya nne, kwako. Nyumba ambayo hakuwahi kuikanyaga.

Mlinzi aliisoma kwa sauti pale getini, jeneza likiwa mabegani. Jirani yetu Fundi Murtaza, aliyekuwa ameshika upande wa kichwani, akanigeukia: “Mwalimu, kwani tumembeba nani?” Nilimwashiria tuingie. Ningeipinga ile barua, tungerudi naye.

Nilitolewa kwetu Bihar nikiwa mtoto, nchi ilipogawanywa, nikatolewa Dinajpur nikiwa mtu mzima, wakati wa vita. Mara zote mbili waliotuhamisha walikuwa watu baki. Dada yangu amehamishwa na mwanawe, tena akiwa ndani ya sanda.

Taa za kambi zinawaka vizuri. Kikombe cha pili nimempa Murtaza.

Ehtesham Nomani,
mkazi wa kata yako