Masale Katika Uwanja wa Shule

Mrereni,
Moshi Vijijini.
20 Agosti, 1995.

Mpendwa mdogo wangu Wenseslaus,

Marahaba kwa shikamoo yako ya kwenye barua ya Pasaka, ingawa nimechelewa kuiitikia. Hamjambo huko Dar es Salaam? Dominika amepona ile homa? Huku baridi ya mwezi huu imetubana kweli, ukungu hautoki hadi jua liwe juu. Mimi ni mzima, bado nafundisha darasa la tano. Mama naye hajambo, ni magoti tu, na bado hataki mtu amkatie majani ya ng'ombe wake.

Kahawa si mbaya mwaka huu. Wanunuzi binafsi wamefika hadi huku juu na mizani zao, kila mmoja anajiita mkweli. Ndizi zipo, pombe ya mbege ipo, njaa hatuna.

Sasa nisizunguke. Nakuandikia kwa aibu, Wense, na aibu yenyewe umetuletea wewe.

Yale masale ya kuweka mpaka uliyomwagiza ndugu yetu Rogath, aliyapanda shule ilipofungwa mwezi wa sita. Alianzia kwenye vyoo vya wavulana, akaukata uwanja wa shule katikati hadi barabarani, pale unapotaka kujenga fremu za maduka. Goli la chini sasa liko upande wetu. Najua wewe ndiye kitindamimba na kihamba cha baba, shamba na nyumba yake, ni chako. Lakini uwanja ule baba aliutoa mbele ya watu wa Mrereni, Kifumbuni na Lyamini, ili watoto wao wote wapate shule moja. Karatasi hakuna, ni kweli. Ila mbege ya siku ile aliipika Mama, na anakumbuka nani alikunywa.

Hata wewe unaukumbuka. Goli hilo hilo ndilo ulilokuwa unadakia, na watoto wa Lyamini walikufunga hadi ukaja kulia kwenye kanga yangu. Hukuwa golikipa, mdogo wangu, ulikuwa mlango wazi.

Shule ilipofunguliwa watoto walikuta mpaka. Kwanza walichezea barabarani, mpira ukawa unaporomokea korongoni. Kisha siku moja, wakati wa mapumziko, wakayang'oa masale yote, wakayarundika kando, wakacheza. Niliwaona kutoka dirishani. Sikutoka kuwazuia, na nikisema nilisikitika nitakuwa nakudanganya.

Lakini kung'oa masale ya mtu si jambo dogo huku kwetu. Jumapili iliyofuata wazazi walikuja nyumbani. Walutheri wa Kifumbuni walitoka kanisani kwao moja kwa moja, wakawasubiri Wakatoliki wenzetu njiani, wakaingia pamoja. Mbele yao alikuwa Mzee Aminieli, yule tuliyemwibia maparachichi utotoni. Nilidhani wamekuja kutugombeza, na moyoni nilitamani iwe hivyo. Kumbe mkononi alishika jani la sale, wamekuja kutuomba msamaha.

"Mwalimu," aliniambia, "watoto wetu wamekosa. Wamegusa mpaka wa marehemu baba yako. Tunaomba mtupokee."

Nyuma yake akina mama walikuwa na kikapu cha miche mipya. Mzee akasema, "Tuonyeshe tu mstari ulikopita, tutaipanda sisi wenyewe."

Nikasimama pale, mtu mzima, mwalimu wa watoto wao, sijui nielekeze kidole wapi. Mstari gani, Wense? Mzee Aminieli ndiye aliyechimba mashimo ya yale magoli. Anajua kuliko mimi kwamba hapakuwa na mpaka. Sijui kama alitaka kunitia adabu au aliomba kwa moyo wote. Nadhani aliomba kwa moyo wote, na hilo ndilo linaloniuma. Rogath alitokea mlango wa nyuma akapotelea migombani. Mama alijifunika uso kwa kanga.

Jani nililipokea, maana sale la msamaha halikataliwi. Miche sikuipokea. Niliwaambia mwenye neno ni wewe na kwamba nitakuandikia. Wakashukuru, wakaondoka na kikapu chao.

Hakuna aliyetusema vibaya tangu siku hiyo. Bombani wananipisha nichote kwanza, kama zamani. Ningependa wanitukane. Rogath wanamkaribisha kata ya mbege kilabuni kama kawaida, lakini siku hizi anakunywa nyumbani peke yake. Na watoto hawakanyagi tena uwanjani. Wazazi wamewakataza hadi jibu lako lije. Wakati wa mapumziko wanasimama ukutani wakiutazama.

Jani lenyewe nimelikunja ndani ya bahasha hii. Limekauka, lakini ni lile lile lililotoka mkononi mwa Mzee Aminieli. Ukishalishika umelipokea na umewasamehe, na huhitaji mimi nikukumbushe watu husemaje juu ya anayelikataa. Kama bado unazitaka fremu zako, basi panda basi uje mwenyewe. Usimame pale uwanjani, watoto wa vijiji vyote vitatu wakikutazama, uwaonyeshe mstari.

Mama anakusalimu. Rogath pia, ingawa hakujua aniambie niandike nini. Nisalimie Dominika, na Theodora na Julius uwabusu kwa niaba ya shangazi yao. Mungu awatunze, na akupe moyo wa baba.

Mimi dada yako, nikupendaye hata leo,
Salvina.