Meli Isiyofika Mtwara

Jumatatu, 8 Novemba

Barakoa zimelowa jasho tena. Mama Shani anaivaa kidevuni. Nimemfokea, akaipandisha, nilipogeuka imeshuka. Tumemenya na kuchambua mpaka alasiri, korosho nzima upande huu, vipande upande ule. Katoni za mwisho zimefungwa. Chumba cha nyuma kimejaa hadi dirishani.

Nusu ya kontena la kwenda ng'ambo ni yetu wanawake wa Chiwata. Nusu ya pili ni ya Baba Linusi na kikundi chake cha Kitangari. Hakuna anayeweza kulijaza peke yake. Mimi ndiye niliyepanda mlima kwenda kumshawishi. Yeye alikuwa akiwauzia wachuuzi wa Newala bila shida. Mnunuzi wa ng'ambo ametupa neno moja tu: mzigo uwe melini kabla ya Desemba. Ukichelewa, atanunua Vietnam.

Sina wasiwasi. Naandika hivyo ili niamini.

Jumatano, 10 Novemba

Nimempigia Komba, wakala wetu bandarini Mtwara. Yeye Mngoni wa Songea, mimi Myao, watani wa tangu mababu, kwa hiyo salamu yetu ni matusi. "Meli haiji, dada. Hizo korosho mtazila wenyewe na panya wenu." Nikamwambia babu zake walikuja na mikuki wakatushindwa, yeye atatuweza kwa meli? Akasema, "Kontena hakuna hata la kukuzikia." Nilicheka mpaka machozi. Nilikuwa nimeweka spika, wanawake wote wakacheka.

Kisha nikampigia Baba Linusi. Kontena linakuja, kaa tayari.

Jumamosi, 13 Novemba

Baba Linusi kapiga. Kasikia redioni kwamba meli zinapita Mtwara bila kutia nanga. Mzee huyu hagombi, na hilo ndilo linaloniudhi. "Mama Rukia, una hakika?" Nikamjibu ninaye mtu bandarini. Nilijibu kwa ukali kidogo. Sipendi kuulizwa mara mbili.

Mvua ya kwanza imenyesha. Katoni zimezibwa vizuri lakini nimekwenda kuzipapasa zote. Korosho iliyokwisha menywa ikinyonya unyevu inalainika, na hapo haina mnunuzi.

Jumanne, 16 Novemba

Mtwara, mimi mwenyewe. Gatini kweupe. Makuli wamekaa kivulini, barakoa mfukoni.

Komba alinipokea bila tusi hata moja.

"Dada, nilikwambia."

"Ulinitania."

"Utani ndiyo, lakini meli haiji kweli. Ulicheka, ukakata simu. Nikajua umeelewa."

Myao gani anamuuliza mtani wake mara ya pili kama anasema kweli? Sikuuliza. Siku zote hizo nimekaa nalinda katoni.

Akanieleza. Tangu korona ianze, viwanda vya Asia vinalilia makontena matupu. Mwenye meli anapata zaidi akikimbiza kontena tupu China kuliko akilileta Mtwara lisubiri korosho. Kwa hiyo meli zinaishia Dar, na huko nako ni kugombania. Meli zenyewe si zetu. Njia wanapanga wao, bei wanapanga wao. Sisi tuna gati, tuna mzigo, tuna mikono, na tunasimama ukingoni kama wageni waliokosa kiti harusini. Wanasema tushindane na Vietnam. Kwa meli ipi? Vietnam wananunua korosho zetu ghafi, wanazibangua, na meli zinawangoja. Nimetukana njia nzima kurudi, moyoni.

Liko kontena moja Dar. Likijazwa na kufika geti la bandari kabla ya Jumanne ijayo, linaondoka.

Jumatano, 17 Novemba

Nimemwambia Baba Linusi. "Ulijua lini?" Jana, nikasema. Lakini niliambiwa wiki iliyopita, nikadhani utani. "Utani," akasema.

Watu wake wanataka kuuza palepale Newala. Akiiondoa nusu yake, ya kwetu haiendi popote, na hapa Chiwata tutarudi kuuza korosho zikiwa na maganda yake. Kasema atakaa na wenzake.

Na wa kwangu nao! Mama Shani hataki kusikia Dar. Korosho za Kusini zipite Mtwara, anasema, makuli wa Mtwara wale nini? Ana haki. Lakini haki haina matairi. Tumezozana mpaka tukaona aibu.

Ijumaa, 19 Novemba

Hajajibu. Hapokei simu. Lori la Dar limefika Ndanda, dereva anataka kujua tunaondoka au hatuondoki. Nimesema tunaondoka. Nimepakia mzigo wa wanawake wote bila kujua kama una mwenzake. Naogopa. Mama Shani kabeba katoni nyingi kuliko mtu yeyote, na hajanisemesha.

Jumamosi, 20 Novemba

Mtama, njia panda ya kwenda Kitangari. Nimefika na lori asubuhi. Mvua. Dereva amewasha gari mara mbili aondoke, mara mbili nimesimama mbele ya gari lake. Tusi alilonitukana sio la utani.

Mchana ikateremka kenta, lori dogo, turubai limefungwa kila pembe. Baba Linusi kakaa mbele. "Shikamoo, Baba Linusi." "Marahaba." Akasimama mvuani mpaka katoni ya mwisho ilipopanda, kisha akarudi garini mwake.

Jumatatu, 22 Novemba

Kontena limefungwa na limepita geti la Dar. Komba ndiye aliyepiga. Kaongea taratibu, kirefu, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. Nimeyatamani matusi yake.

Jumapili, 28 Novemba

Meli imeondoka.

Baba Linusi kapiga jioni. Kauliza hali ya watoto, hali ya mvua. Kamshukuru Mungu, nami nikamshukuru. Halafu akasema msimu ujao Kitangari watauza Newala kama zamani, nisijisumbue kupanda mlima. Hakupandisha sauti. Nikasema sawa, Baba Linusi.

Mama Shani alikuwa mlangoni, anauliza mzee kasemaje. Nikamwambia anatusalimu.