Kikao Yenye Nimevunja

Siku ya tatu ya juma, mangaribi

Hapana, kikao haitafanyika, hata kama mi mwenyewe njo niliita bantu.

Asubui mujukuu wetu Nadine, wa myaka nane, aliambia nkambo wake, ni kusema bibi yangu mwenye niliowa, kwamba Jérôme, mudogo wangu mwenye huyu mutoto anaishi kwake, anamupigaka na waya na kumufungia mu depo ya mizigo. Jérôme, muntu wa kanisa! Nikaita famille yote ku telefone: kesho mutoto aseme mbele yake, tusikie bote bawili. Ni desturi yetu, na kwa kukata maneno ya bantu benye kugombana hakuna kama mimi mu commune yetu ya Annexe muzima.

Bibi akacheka. "Juge wangu, batoto bangapi balishinda mbele yako?"

Nikajisifu: hata mumoja. Bote balikubalaka kwamba balidanganya, bila hata kuguswa.

"Mbele ya mwenye kubapiga," akasema. "Kweli uko na akili, muzee."

Nilikasirika, nikatoka inje. Kisha nikaanza kukumbuka bale batoto, mumoja mumoja...

Nadine anabakia kwetu. Kesho tunamupeleka ku docteur, kisha ku polisi. Nilipigia Jérôme telefone asikuje. Akauliza kama naamini mutoto kupita yeye. Nikasema ndiyo. Akakata telefone.

Nadine aliuliza: "Nkambo, nitasema mbele yake?"

"Hapana."

Nikataka kumuelezea pia vile neno yangu inaheshimiwa mu famille. Lakini alikuwa amekwisha kulala.