Jenerali Tarwater, Mwaka Mmoja Bila Sauti Yako

Mwaka mmoja umekatika tangu Jenerali Micajah Tarwater, ngao ya mpaka, mtunga sheria wa Tennessee, mtu ambaye hakuwahi kumpa adui mgongo, alipotuaga. Hivyo ndivyo Baba Mkubwa Rufus alivyotaka tuanze tangazo hili la gazetini, nasi tumetii. Ila ukweli unaujua, Babu. Jogoo mwekundu wa Bibi wewe ulimpa mgongo kila asubuhi, ukikimbia na ndoo ya maziwa mkononi, na upanga wako ulioning'inia ukutani haukukusaidia kitu.

Tunakumbuka ulivyokula mkate wa mahindi uliovurugwa ndani ya maziwa ya mgando, kwa kijiko cha pembe ulichotoka nacho vitani. Tunakumbuka siku za gwaride la wanamgambo, wakulima wakishika mabua ya mahindi kwa kukosa bunduki, nawe ukiyakagua kwa uso mkavu kana kwamba yangeweza kulipuka. Mjane Hester hakukosa chumvi wakati wa baridi. Uliiacha kizingitini kwake ukaondoka kabla hajafungua, kisha mkikutana kanisani ulimkemea kwamba chakula chake hakina ladha.

Bibi Keturah amesema tusikupake asali. "Mwandikieni yeye, si sanamu yake," ametuambia. Kwa hiyo tunaandika na hili.

Vita vilipokwisha ulichoma kijiji cha Mzee Tawodi wa Wacheroki, wenyeji wa nchi hii kabla yetu, aliyekuwa amepigana upande wetu. Watu wake walikuwa wametundika milangoni mikia ya kulungu, ile ile waliyoivaa vitani ili askari wetu wasiwapige risasi kwa makosa. Ulisema moshi ulikuwa mwingi, hukuiona. Mwanao Lemuel alikuwa nyuma yako juu ya farasi, na yeye aliiona. Nyumba hizo alikuwa amelala humo mara nyingi akipeleka chumvi. Mashamba yakagawanywa, nawe ukagombea ubunge kwa moto huo huo, ukiusimulia kila uliposimama.

Kwetu kura haifichwi. Mtu husimama mahakamani mbele ya sherifu, akataja jina kwa sauti, na mgombea aliyetajwa huinuka kwenye benchi kumshukuru. Lemuel alipoitwa, ulikuwa umeshainuka, mkono umeunyosha. Nani angengoja?

"Kura yako kwa nani?" sherifu aliuliza huku akitabasamu, maana aliona anauliza jambo analolijua.

"Kwa Bwana Stroud."

Bwana Stroud mwenyewe hakujua ainuke au ajifiche. Mlevi mmoja karibu na pipa la wiski akasema, "Jenerali, huyu ni wako kweli, au ulimwokota?" Watu walicheka, kisha wakajuta kucheka. Mkono wako ulikuwa bado hewani. Ulikaa taratibu, ukamwambia sherifu aite mwingine.

Uchaguzi uliushinda. Lakini jina la Lemuel halikutoka tena kinywani mwako. Ukawa unamwita "yule jamaa wa ng'ambo ya kijito", na sisi wajukuu tukawa tunakivuka kijito hicho kwa kunyata, tukibeba salamu za Bibi kama wezi wa kuku. Yeye naye hakuja kuomba radhi. Alisema hakuna alichokosea, na kwamba kukupenda na kukupigia kura ni mambo mawili. Wewe hukuwahi kuona tofauti yake.

Ulipozidiwa, Bibi alimwita. Alikuja akasimama barazani, asivuke mlango. Ukauliza ni nani. Bibi akalitaja jina. Ukasema, "Mwambie asifunge farasi kwenye bustani yangu ya vitunguu."

Lemuel akaenda kumhamisha farasi. Aliporudi, ulikuwa umekwisha kwenda.

Bibi anaapa kwamba huo ulikuwa msamaha. Baba Mkubwa anasema vilikuwa vitunguu. Wamebishana mwaka mzima, mezani na baada ya ibada, na Shangazi Drusilla ametishia kuing'oa bustani yote ili watu wale kwa amani. Tungependa kukuuliza. Hilo ndilo gumu kuliko yote katika kufiwa nawe: wewe uliyekuwa na jibu la kila kitu, hata usipoulizwa.

Unakumbukwa na mkeo Keturah. Wanao Rufus, Drusilla na Lemuel. Wakwe zako, na wajukuu wako wote. Hatutakusahau kamwe, kwa mema yako na kwa yale mengine.

Baba Mkubwa amesimama nyuma yangu anasoma, na kidole chake kimetua kwenye jina la Lemuel. Ameuliza nani ameniruhusu. Nakiri, Babu, mbele ya wasomaji: hakuna. Mimi Jotham, mwana wa Lemuel, nilikabidhiwa kazi hii kwa sababu shule ya bweni imenipa mwandiko mzuri, nami nimeitumia kazi hiyo kufanya niliyokatazwa. Baba mwenyewe alikataa kutajwa humu. Alisema jina lake hukulitaka ulipokuwa na nguvu za kukataa, na hatalichomeka sasa ambapo huwezi kukataa.

Baba Mkubwa ameishika kalamu kwa muda mrefu. Kisha ameiweka chini, ametoka nje bila kufuta kitu.

Baba hajui bado. Gazeti litamfikia Alhamisi.