Kitenge cha Machi Nane

Jumatatu, 4 Machi 2024

Mvua tangu alfajiri. Lydia karudi na kitenge, zawadi ya kiwanda kwa ajili ya Siku ya Wanawake. Binti yangu amefungasha unga pale miaka kumi na moja. Kwenye makaratasi anayo miwili. Kila akijifungua wanamwondoa, akirudi wanamwandika mpya, kwa mshahara wa kuanzia. Watoto watatu — ameanza upya mara tatu. Fabiani, aliyefundishwa kazi na yeye, sasa anamzidi mshahara kwa mbali.

Naijua hali hiyo. Nilipovuka ziwa kutoka Moba, Kongo, nikashukia Kipili, miaka yangu ya ualimu ilibaki ng'ambo. Nikaanza na kubeba magunia. Lakini mimi nilivuka mara moja.

Jumanne, 5 Machi

Meneja kamwita Lydia. Nafasi ya msimamizi wa ufungashaji iko wazi, na anataka kumpa yeye. Barua Jumamosi, baada ya maandamano ya Machi nane. Kisha akamuuliza, kwa utani, kama amefunga kiwanda cha nyumbani. Lydia akacheka, akasema watatu wanatosha.

Alinisimulia haya akimenya viazi. Halafu:

"Baba, nina miezi minne."

Mumewe, Cleophas, yuko shambani Kaoze. Anajua. Amefurahi.

Alhamisi, 7 Machi

Mshono ni mmoja kwa wote, wa kubana kiunoni. Lydia kamwomba jirani yetu Agnesi, fundi cherehani, aachie nafasi. Nimewasikia uani.

"Shoga, nashona gauni au turubai?"

"Nimenenepa."

"Kwa ugali upi huo?"

Kisha Agnesi, kwa sauti ya chini: "Kesho unakaa wapi?"

"Mstari wa mbele. Nashika bango."

"Lishike chini basi. Usawa wa tumbo."

Hawakucheka.

Jioni nikamwambia sheria inamlinda mwenye mimba, nimeisoma mwenyewe. "Umeisoma wewe, Baba. Meneja hajaisoma."

Ijumaa, 8 Machi

Baridi, ukungu mpaka mlangoni. Lydia kavaa. Anageuka ubavu, anavuta pumzi.

"Baba, inaonekana?"

Inaonekana. Nimempa sweta langu la kijivu — baridi hii, nani atauliza? Amelifunga vifungo vyote, kasimama mlangoni.

Nje lori la kiwanda linapiga honi. Wanawake wanaimba. Fabiani anaita kutoka juu ya lori: "Dada Lydia, vua hilo sweta bwana, leo ni sare tupu!"

Hajavua. Hajatoka. Kashika kifungo cha juu, ananitazama mimi.