Misumari Nyuma ya Kabati

Baba Mwansa, mume wangu,

Tangu tulipokuzika wamenikalisha mkekani, nami unanijua, kukaa siwezi. Mjane hapandi ngazi, wanasema, mjane hashiki nyundo mpaka kilio kiishe. Nimepanda. Nimeshika.

Ni kile chumba cha uani wanakolala wasichana wetu. Ulituacha waya wa umeme umefika nusu ya ukuta. Mdogo wako Kabwe akaumalizia kwa misumari iliyokunjwa, juu kabisa ya kitanda cha Mwansa. Nilipoona msumari umeuma ngozi ya waya, nilipandwa na hasira. Mbele ya watu waliokuja kukulilia nilimwambia anataka nizike na watoto wangu. Alichukua kofia yake akarudi Kakanda, na hadi leo hajakanyaga hapa.

Jumamosi, watu wote wakiwa barabarani kwenye salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, wanafyeka majani, nilizima umeme kule nyumba kubwa, nikatia fyuzi mfukoni kama ulivyozoea. Nikang'oa yote. Nilikuwa nakusikia: "Musumari hapana, Mama Mwansa. Tia vibanio. Na fasi mukono ya mutoto inafika, upitishe mu tiyo ya plastiki." Ulisema hivyo hata ukila, mpaka nikuambie meza si kiwanda.

Kisha nikasogeza kabati nifikie mwanzo wa waya. Nyuma yake, misumari. Minne, imekunjwa vilevile, imeshika kutu. Kabati hilo ulilisukuma hapo mwenyewe, wiki ile kabla ya kulazwa. Kabwe alifuata tu alichokikuta.

Nilikaa chini, sakafuni. Nilikumbuka ulivyopumzika kila baada ya pigo la nyundo, kifua kinalia, ukanifukuza nisikuone. Kwa nini hukuniita? Ningekushikia ngazi. Nimekukasirikia, Baba Mwansa. Nakupenda, na nimekukasirikia, na usingizi sipati.

Waya sasa ni mpya na umenyooka, na huku chini umepita ndani ya bomba. Mwenzako wa karakana alikuja kuupima kabla sijawasha, akasema uko salama. Wasichana wanasoma. Majirani wanasema mkono wa marehemu unaonekana, si kama ule wa mdogo wake. Nami nimenyamaza, siku tatu sasa.

Kesho napanda lori la Kakanda na nguo zangu hizi nyeusi, nimwombe Kabwe msamaha. Nikirudi nitawaambia majirani misumari ilikuwa ya nani. Lala salama, mume wangu. Jina lako nitalichafua kidogo, univumilie.

Mkeo,
Mama Mwansa