Sahani ya Mwalimu Keziah

Dada yangu Mwanamkisi,

Huku Faza tu wazima, alhamdulillahi, na paka wako amezaa tena. Bei ya sukari usiniulize. Mafuta ya kupikia nanunua ya kupimiwa, na kikombe sasa ni nusu kikombe.

Kinachoninyima usingizi ni sahani. Siku ya Idi jirani yangu, Mwalimu Keziah, aliniletea chapati, na wajua kwetu sahani hairudi tupu. Sina cha kutia, basi napita ndia ya nyuma asinione. Jana nikamkuta huko huko, ananikwepa! Kumbe bakuli langu la pilau ya Idi bado liko kwake.

Ukija, usiniletee leso. Niletee unga pakiti mbili, moja nimpe Keziah aweze kunirudishia bakuli.

Nduguyo,
Rumaisa